Kilango cha Moyo na Wazee Waliokosa Tiba

Kusinyaa kwa valvu ya aota, yaani kilango kinachopitisha damu kutoka moyoni kwenda katika mshipa mkuu, huwapata zaidi watu wa umri mkubwa, kwa kuwa madini ya kalisi hujijenga juu ya vikunjo vyake mpaka vikakakamaa na tundu likabaki jembamba. Mgonjwa hutweta, hubanwa na kifua au huzimia, na dalili hizo zikishajitokeza, asipotibiwa hubakiwa na miaka michache tu.

Mwaka 1960 Dwight Harken wa Marekani alifaulu kupachika valvu bandia mahali hapo, lakini upasuaji huo ulidai kifua kifunguliwe na moyo usimamishwe huku mashine ikishika kazi yake. Wazee wengi wenye mapafu au figo dhaifu walihesabiwa kuwa hawataweza kuhimili kisu, na kwa hiyo waliougua zaidi ndio walionyimwa tiba, jambo linalouma kila linapokumbukwa.

Alain Cribier, daktari wa moyo wa Rouen, Ufaransa, hakuridhika na hali hiyo. Mwaka 1985 alimtibu mwanamke wa miaka 72 kwa katheta, mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa, uliobeba puto la kutanulia kilango. Nafuu ilikuja, ila valvu nyingi zilizotanuliwa hivyo zilisinyaa tena baada ya miezi kadhaa. Mwaka 1989 Henning Rud Andersen wa Denmark alishona valvu ya nguruwe ndani ya kimia cha waya, akaikunja juu ya puto na kuipachika katika nguruwe aliye hai. Cribier naye, tarehe 16 Aprili 2002, alimpachikia valvu ya namna hiyo mtu wa miaka 57 aliyekuwa mahututi na aliyekataliwa na wapasuaji. Kwa kuwa ateri za miguu yake zilikuwa na maradhi, katheta ilipitia vena ya paja, ikatoboa ukuta unaotenga vyumba vya juu vya moyo, ndipo ikafika kilangoni.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliohusu wagonjwa wasioweza kupasuliwa, wenye wastani wa miaka 83, ulionyesha kwamba ndani ya mwaka mmoja walifariki asilimia 30.7 ya waliowekewa valvu kwa katheta na asilimia 50.7 ya waliopata tiba ya kawaida. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2021 ilipendekeza njia hiyo kwa wenye miaka 75 na zaidi, mradi mishipa yao inafaa kupitishwa katheta.