Virusi, Kuvu na Ini: Ukweli Uliochelewa Kufika Subukia

Mwanamume wa miaka arobaini na kitu akifa Subukia akiwa amekonda mikono na miguu, tumbo limejaa maji na macho yamegeuka manjano, matangani hutajwa sababu moja: pombe. Ikiwa marehemu alijulikana kuwa hanywi, hutafutwa nyingine: amerogwa, au amelishwa sumu kwa ajili ya shamba. Mjane huyasikia yote hayo na hana la kujibu, kwa kuwa hospitalini aliambiwa tu kwamba ini limeharibika na kwamba wamechelewa. Pombe huliharibu ini, hilo halina ubishi. Lakini imebebeshwa vifo vingi ambavyo si vyake, na familia zimebaki na aibu zisiyostahili kuibeba.

Katika sehemu hii ya dunia, saratani ya ini mara nyingi huanza utotoni, kwa virusi vya homa ya ini aina ya B vinavyoingia mwilini bila mtoto kuugua wala mzazi kutambua. Miaka thelathini au arobaini baadaye ndipo uvimbe hujitokeza chini ya mbavu za kulia, hasa ikiwa chakula nacho kilikuwa na sumu ya kuvu, yaani sumukuvu. Kinachoniuma zaidi ni kwamba sehemu ya ushahidi wa mwanzo ilipatikana hapa hapa kwetu, Kampala na Murang'a, zaidi ya nusu karne iliyopita.

Tuanze na Murang'a, kwa kuwa familia nyingi za Subukia zina mizizi huko. Mababu walikuja Bonde la Ufa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na baada ya uhuru wengine wakafuata, wakichangishana fedha kununua ardhi. Walikuja na mbegu za mahindi, wakaja na desturi ya kula githeri na ugali kila siku ya Mungu.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoundwa mwaka 1965 na lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilikuwa na kituo chake cha utafiti Nairobi. Huko alikuwapo Allen Linsell, daktari wa patholojia aliyekuwa ameshughulika na saratani za Wakenya kwa miaka mingi. Yeye na mwenzake F. G. Peers waliichagua Murang'a kwa sababu ya sura ya nchi yake: wilaya hiyo ilianzia kwenye baridi ya milima ya Nyandarua na kuteremka hadi tambarare zenye joto. Watu ni wale wale na lugha ni moja, lakini hali ya hewa inayohifadhi mavuno yao si moja.

Hawakuishia kupima magunia sokoni. Waliwaendea watu majumbani wakaomba sampuli ya chakula cha jioni kama kilivyopikwa, na pombe ya kienyeji pia, kisha wakapeleka vyote maabara kutafuta sumukuvu. Mwaka 1973 walichapisha matokeo. Kadiri walivyoshuka kutoka milimani, ndivyo sumukuvu ilivyoongezeka katika chakula, na ndivyo saratani ya ini ilivyozidi miongoni mwa watu wazima. Utafiti huo bado unatajwa hadi leo na wataalamu wa saratani duniani kote. Murang'a kwenyewe sijui wangapi wameusikia.

Sumukuvu hiyo, aflatoksini, ilikuwa imejulikana kwa miaka michache tu. Mwaka 1960 zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga, na vifaranga vya bata vikaripotiwa kufa vivyo hivyo Kenya na Uganda. Chanzo kilikuwa ukungu uitwao Aspergillus flavus, unaopenda karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu wake.

Sasa twende Kampala. Huko, mwishoni mwa miaka ya 1960, hospitali ya Mulago na Chuo Kikuu cha Makerere vilikuwa kati ya vituo vya kwanza vya utafiti wa saratani barani Afrika. Daftari la wagonjwa wa saratani la Kampala lilikuwa limeanza mwaka 1951. Profesa Michael Hutt na wenzake walikusanya vyakula kutoka sehemu mbalimbali za Uganda, wakavipima sumukuvu, na mwaka 1971 wakaonyesha kwamba mahali ambapo sumu ilikuwa nyingi ndipo saratani ya ini ilipokuwa nyingi. Katika mji huo huo, Charles Vogel na wenzake wa Taasisi ya Saratani ya Uganda walikuwa wakiangalia kwingine kabisa: damu ya wagonjwa. Mwaka 1970 waliripoti katika jarida la Lancet kwamba wagonjwa wa saratani ya ini wa Uganda walikuwa na alama ya virusi vya homa ya ini kupita watu wengine.

Kwa hiyo mji mmoja ulikuwa na washukiwa wawili kwa wakati mmoja, mmoja chunguni na mwingine damuni. Kisha Idi Amin akachukua serikali Januari 1971, na wataalamu wengi wa kigeni wakaondoka. Taasisi haikufungwa. Daktari Charles Olweny aliishika, na mwaka 1975 yeye na wenzake, akiwamo daktari wa upasuaji Sebastian Kyalwazi, walichapisha matokeo ya kutibu saratani ya ini kwa dawa ya adriamycin. Dawa hiyo ilikuja kutumiwa duniani kote kwa miaka mingi, ingawa haikuponya. Nayataja majina haya kwa makusudi, maana historia ya ugonjwa huu husimuliwa kana kwamba Waafrika walikuwa wagonjwa tu ndani yake.

Alama ile ya damuni ilikuwa imetangazwa mwaka 1965 na Mmarekani Baruch Blumberg, aliyeikuta katika damu ya Mwenyeji wa Asili wa Australia. Mwanzoni hakujua ni nini. Miaka michache baadaye ikabainika kuwa ni ganda la virusi vya homa ya ini B, na mwaka 1976 Blumberg akapewa Tuzo ya Nobel. Uthibitisho uliowanyamazisha wenye shaka ulitoka Taiwan. Palmer Beasley na wenzake waliwapima wanaume 22,707, wakawafuatilia kwa miaka, na mwaka 1981 wakaeleza kwamba kati ya 41 waliokufa kwa saratani ya ini, 40 walikuwa na virusi hivyo.

Virusi vinafanyaje kazi hiyo? Havizili chembechembe za ini. Hujificha ndani yake, na ni askari wa mwili wenyewe wanaozishambulia chembechembe zilizoingiliwa. Ini hujijenga upya, likashambuliwa tena, likajijenga tena, mwaka nenda mwaka rudi, kama nguo inayotiwa kiraka juu ya kiraka. Makovu hutanda mpaka ini likawa gumu, hali ambayo madaktari huiita sirosisi. Kila mara chembechembe zinapogawanyika kuna nafasi ya kosa, na virusi vya B vina hila ya ziada: vipande vya chembeuzi vyake hujipachika katika chembeuzi za mtu. Ndiyo maana wengine hupata saratani hata kabla ini halijawa gumu, wakiwa bado vijana wa kazi.

Umri wa kuambukizwa ndio unaoamua mengi. Mtu mzima anayeambukizwa leo, mara nyingi mwili wake utavifukuza virusi. Chini ya 5 kati ya 100 hubaki navyo maisha yote. Mtoto anayeambukizwa na mama yake wakati wa kuzaliwa hubaki navyo kwa kiwango cha takriban 90 kati ya 100. Kati ya hapo wako watoto wadogo wanaocheza pamoja na kugusana vidonda, au wanaochangia wembe mmoja wa kunyolea. Virusi vya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, hata juu ya wembe uliokauka.

Na kuvu je? Hapo ndipo washukiwa wawili wa Kampala walipogundulika kuwa washirika. Mwaka 1994 utafiti uliowafuatilia wanaume zaidi ya 18,000 wa Shanghai ulionyesha kwamba sumukuvu peke yake iliongeza hatari ya saratani ya ini mara 3 hivi, virusi peke yake mara 7 hivi, lakini mwenye vyote viwili hatari yake ilikuwa mara 59. Sisi tuliuona ushirika huo kwa njia ya haraka na ya kutisha zaidi. Mwaka 2004, Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu nyingi, na 125 wakafa. Wachunguzi walipolinganisha waliougua na majirani zao wazima, waliona kwamba virusi vya homa ya ini B vilikutwa zaidi kwa waliougua. Machakos ilikuwa imeonja msiba wa aina hiyo mwaka 1981, watu 12 wakapoteza maisha.

Subukia haiko Ukambani, na sisemi mahindi yetu ni sawa na yale. Lakini mvua ya wakati wa mavuno tunaijua, na mahindi ya soko la Nakuru hutoka pande zote. Kipimo cha unyevu kinachotakiwa ni asilimia 13.5, na mkulima asiye na mashine ana njia rahisi kuliko kuuma punje kwa meno. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi iliyokauka vizuri na konzi ya mahindi, funga, tikisa kwa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi hayajakauka. Rudisha juani, juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Jambo linalonisumbua zaidi ni mahindi yaliyokwisha kuchambuliwa kuwa mabovu. Hatuyatupi. Huenda kwenye busaa, au kwa kuku, au kwa ng'ombe, na sumu aliyoila ng'ombe hutoka katika maziwa tunayompa mtoto.

Hata hivyo virusi ndivyo mzizi mkuu, na kwa virusi dawa ya kuzuia imekuwapo kwa muda mrefu. Chanjo ya kwanza ya homa ya ini B iliidhinishwa Marekani mwaka 1981. Ilikuwa chanjo ya kwanza duniani kuzuia saratani ya binadamu. Dozi tatu ziliuzwa kwa takriban dola 100, fedha ambazo wizara ya afya ya nchi kama yetu isingeweza kuzitoa kwa kila mtoto. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na kufikia nusu ya kwanza ya miaka ya 1990 saratani ya ini miongoni mwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imepungua karibu nusu. Kenya ilianza mwishoni mwa 2001, chanjo hiyo ikiwa imeunganishwa na za dondakoo, pepopunda, kifaduro na Hib katika sindano moja ya paja la kushoto, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mama yeyote wa Subukia ameiona kwenye kijitabu cha kliniki.

Miaka ishirini, basi, kati ya chanjo kupatikana na chanjo kutufikia. Watoto waliozaliwa katika miaka hiyo leo ndio wazazi, madereva wa matatu, walimu na wakulima wa bonde hili. Hakuna aliyewachanja. Wengi wao wakijua hali yao, hujua kwa bahati: kijana anatoa damu, na damu hiyo inapopimwa kabla ya kupewa mgonjwa, virusi vinaonekana. Akiitwa kuelezwa, hudhani amehukumiwa kufa.

Hajahukumiwa. Si kila mwenye virusi anahitaji dawa mara moja. Kuna vipimo vya kuamua hilo. Anayehitaji hupewa tenofovir, kidonge kimoja kwa siku, ambacho wenye virusi vya Ukimwi wamekitumia kwa miaka. Hakiviondoi virusi, ila huvituliza na kupunguza hatari ya saratani. Ini lake lapaswa kupigwa picha ya ultrasound kila miezi sita, ili uvimbe ukitokea uonekane ukiwa mdogo. Mkewe au mumewe na watoto wapimwe, na asiyeambukizwa achanjwe. Kula sahani moja hakuambukizi, wala kusalimiana kwa mkono, na inasikitisha kuona mtu akitengewa kikombe nyumbani kwake.

Aina ya C, iliyogunduliwa mwaka 1989, nayo huleta saratani ya ini. Haina chanjo, lakini sasa huponywa kabisa kwa vidonge vya miezi mitatu. Aina za A na E, zile za maji machafu, hugeuza macho manjano lakini hazileti saratani.

Limebaki deni moja. Sindano ya wiki ya sita humfikia kwa kuchelewa mtoto ambaye mama yake ana virusi, kwa kuwa maambukizi hutokea wakati wa kujifungua. Tangu mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani limependekeza kila mtoto apate dozi ya kwanza ndani ya saa 24, na kwa miaka mingi baada ya hapo ratiba ya Kenya iliendelea kusubiri wiki ya sita. Mtoto anayezaliwa hospitalini Subukia huchanjwa dhidi ya kifua kikuu na kupewa matone ya polio kabla hajapelekwa nyumbani. Muuguzi yupo, friji ipo, mama bado yuko kitandani na mtoto kifuani. Dozi ya homa ya ini B ingeweza kutolewa saa hiyo hiyo, na mama akapimwa tangu ile siku ya kwanza anapofika kliniki na mimba.