Mikro moja ya Hugh Tracey

Mwaka 1952, Kongo ikiwa bado koloni la Ubelgiji, Mwingereza Hugh Tracey alipita kaskazini-mashariki mwa nchi akirekodi muziki wa vijijini. Kati ya alivyohifadhi zimo nyimbo za Wanande, watu wa Beni na Lubero, Kivu Kaskazini.

Kwenye jukwaa la kisasa, kama lile la Tamasha la Amani lililoanza Goma mwaka 2014, karibu kila mwimbaji na kila chombo hupata mikro yake. Fundi husawazisha sauti kwenye meza, na anaweza kurekebisha hata baada ya tamasha. Tracey hakuwa na nafasi hiyo. Aliishika mikro mkononi na kuisogeza huku muziki ukiendelea. Kilichoingia ndicho kilichobaki.

Kazi hiyo ina hesabu yake. Umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya sauti hubaki robo tu. Mikro ikishuka karibu na likembe, vidole vinasikika. Ikipanda usawa wa mdomo, maneno yanaeleweka. Ikisogelea ngoma, wengine wote wanafunikwa.

Basi mkono wa mgeni ndio uliochagua nani asikike. Aliyeimba nyuma ya kundi alififia, na hakuna fundi wa kumrudisha.

Kanda zimehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Huko wajukuu wa waimbaji wale wanaweza kusikia sauti za wazee wao, zile tu zilizokuwa karibu na mikro.