Sindano ya Kifua Kikuu na Urithi wa Kuukeni

Katika historia ya tiba barani kwetu, streptomisini huandikwa kama mkombozi, na inastahili. Albert Schatz aliitenga mwaka 1943 katika maabara ya Selman Waksman huko Marekani, ingawa Tuzo ya Nobel ya 1952 alipewa Waksman peke yake (dhuluma hiyo inadai makala yake). Majaribio ya Afrika Mashariki, ambayo matokeo yake yalichapishwa 1972, yalionyesha kwamba matibabu ya kifua kikuu yangeweza kufupishwa kutoka miezi 18 hadi 6. Sindano ya streptomisini ilikuwamo.

Mimi huvutwa zaidi na upande wa pili wa kumbukumbu hiyo. Ilijulikana mapema kwamba dawa hii huweza kudhuru masikio. Lakini katika koo fulani hata dozi ya kawaida iliwaacha watu viziwi, na udhaifu huo ulifuata kuukeni tu: kaka na dada huupokea sawa kwa mama yao, ila ni dada pekee awezaye kuwarithisha wanawe.

Sababu ilibainika 1993. Mitokondria, zilizo vinu vya nishati ndani ya seli, zina jeni zake 37, ambazo mtoto huzipata kwa mama. Asili yake ni bakteria walioingia katika seli zama za kale sana. Streptomisini huua bakteria kwa kuvuruga mtambo wao wa kutengeneza protini. Badiliko la herufi moja, katika nafasi ya 1555, huufanya mtambo wa mitokondria ufanane mno na ule wa bakteria. Hapo dawa humpiga adui pamoja na mwenye nyumba. Mwaka 1997 badiliko hilohilo lilielezwa katika familia moja ya Afrika Kusini iliyozibwa masikio na streptomisini.

Gentamisini, ndugu ya dawa hiyo, ingali tegemeo letu kwa watoto wachanga wenye maambukizi ya damu. Sisemi iachwe, maambukizi hayo huua kwa saa chache. Lakini Manchester wamekwisha kujaribu wodini kipimo cha dakika 26 kinachotambua badiliko hilo kabla ya dawa kuendelea. Sisi tusio na mashine hiyo tuna swali la bure: je, yuko aliyepoteza usikivu baada ya sindano, kwa bibi mzaa mama, kwa mama wadogo, kwa mjomba? Ami hahusiki. Ni mstari mmoja katika fomu ya kliniki ya wajawazito, na wanaochora fomu hizo ni miongoni mwa wasomaji wangu.