Dafina na Udongo Wake

Kwa karne nyingi sheria ya Uingereza ilishika kanuni moja juu ya mali iliyofukiwa: dhahabu au fedha ikipatikana ardhini, na ikathibiti kwamba aliyeificha alikusudia kurudi kuichukua, basi ni mali ya Mfalme; ama iliyopotea kwa bahati mbaya, au iliyozikwa pamoja na maiti, au iliyotolewa nadhiri hekaluni, hiyo haikuhesabiwa dafina. Kanuni hii ya kupima nia ya mtu aliyekufa zamani haikumtaabisha yeyote maadamu dafina zilikuwa zikiibuliwa na plau, moja leo na nyingine baada ya miaka.

Kilichobadili hali hiyo ni chombo cha vita. Afisa wa Poland, Józef Kosacki, aliyekimbilia Uingereza baada ya nchi yake kutekwa, alibuni kifaa chepesi cha kutambua mabomu yaliyotegwa ardhini, na majeshi ya Uingereza yakakitumia El Alamein mwaka 1942. Baada ya vita vifaa vya namna hiyo vikapungua uzito na bei, hata katika miaka ya 1970 fundi au mstaafu yeyote akaweza kununua chake, akaomba ruhusa ya mkulima, akapitisha Jumamosi yake shambani akisikiliza mlio masikioni.

Wataalamu wa akiolojia waliingiwa na hofu, na hofu yao ilikuwa ya haki. Sarafu iliyong’olewa ardhini bila kuandikwa ilikuwa kina gani, imelalia nini, na jirani yake ni mfupa, mkaa au kigae, haina ilimu ya kutoa zaidi ya ile iliyochorwa usoni mwake. Lakini hoja hiyo ya haki waliitoa kwa dharau. Mwaka 1980 jumuiya zao zilianzisha kampeni ya kuwataka watafutaji waache kuchukua historia ya taifa, na watu wengi waliokuwa wakiipenda historia hiyo kwa dhati, ingawa hawakuisomea, wakajiona wamewekwa fungu moja na wezi. Katika jimbo la Norfolk peke yake, naona, ndipo palipopatikana busara mapema: mtaalamu wa akiolojia Tony Gregory na wenzake waliwaendea watafutaji katika vyama vyao, wakavipokea vitu vyao, wakaviandika pamoja na mahali vilipotoka, wakavirudisha kwa wenyewe bila ya karipio.

Kwingineko tamaa ilitangulia. Huko Wanborough, katika Surrey, watafutaji waaminifu walipeleka sarafu zao kwa wakuu kama ilivyopasa. Mahali zilipotoka pakatajwa hadharani mahakamani, na muda si muda wezi wakamiminika usiku na taa zao, wakachimba mashimo ovyo na kuchukua sarafu kwa maelfu. Wataalamu walipofika mwaka 1985 walikuta msingi wa hekalu la zama za Warumi umefukuliwafukuliwa, wakaokoa masalio, vikiwamo vilemba vya minyororo vya makuhani. Kibaya zaidi, mashtaka yaliyumba kwa sababu ya kanuni ile ile ya nia: sadaka iliyotolewa kwa miungu haikufichwa ili irudiwe, na isiyokusudiwa kurudiwa si dafina.

Hapo ndipo ninapoona ukubwa wa kitendo cha Eric Lawes wa Hoxne, Suffolk. Tarehe 16 Novemba 1992 alikuwa shambani na chombo chake akiitafuta nyundo ya mkulima rafiki yake, ghafla akaanza kuokota vijiko vya fedha, mapambo ya dhahabu na sarafu. Naye, ilhali hapakuwa na mtu wa kumzuia, akauacha mchimbo, akatoa habari. Kesho yake wataalamu walifika wakachimba kwa siri, na kwa kuwa sehemu kubwa ya mali ilikuwa bado palepale, waliona yale ambayo jembe la pupa lingeyateketeza: mabaki ya sanduku la mbao na bawaba zake, makufuli madogo ya fedha, na nyasi kavu zilizotiwa baina ya bakuli ili zisikwaruzane. Sarafu zilikuwa karibu 15,000, na za mwisho wake zinaonyesha kwamba mali ilifukiwa baada ya mwaka 407, utawala wa Roma ulipokuwa ukiporomoka kisiwani. Lawes na mkulima waligawana tuzo ya pauni milioni 1.75, na nyundo nayo ikaonekana, ikapelekwa British Museum.

Sheria mpya ya mwaka 1996 iliiondoa ile kanuni ya nia, na mwaka uliofuata ukaanzishwa mpango wa kuandikisha vitu vinavyookotwa, kwa kufuata mfano wa Norfolk. Vilivyoandikwa hadi sasa vimepita milioni moja. Mwanya ulibakia. Kofia ya vita ya Kirumi ya shaba nyeusi, yenye uso wa kijana, iliyopatikana Crosby Garrett mwaka 2010, haikuwa dhahabu wala fedha, ikanadiwa kwa zaidi ya pauni milioni mbili na kwenda kwa mnunuzi binafsi. Sheria haikupanuliwa hadi mwaka 2023.

Lakini sheria haishiki sepeto. Mwaka 2015 zilipatikana dafina mbili za zama za Waviking, na katika zote mbili zilikuwamo sarafu za Alfred wa Wessex na Ceolwulf wa Mercia, zenye sura za wafalme wawili waliokaa bega kwa bega. Shahidi mkubwa wa ushirika wao huyo, kwani waandishi wa upande wa Alfred walimfanya Ceolwulf kibaraka wa Waviking. Ya Watlington, James Mather aliitolea habari, ikanyanyuliwa pamoja na bonge lake la udongo na kufunguliwa taratibu katika maabara. Ya karibu na Leominster ilifichwa na watu wawili, wakaanza kuiuza kidogo kidogo, hata wakahukumiwa kifungo mwaka 2019. Polisi walizipata picha zilizofutwa katika simu, zikionyesha sarafu zikadiriwazo kuwa 300. Hadi hukumu hiyo zilikuwa zimepatikana 31 tu, na ni sarafu ngapi za Alfred na ngapi za Ceolwulf zilizokuwa katika shimo lile, hakuna mwanahistoria awezaye kuzihesabu.