Nani alipie pembeni mwa barabara?

Ngamiani hapa Tanga barabara huitwa kwa namba, na jina lenyewe la Ngamiani linatukumbusha ngamia, si motokaa. Mji huu ulipata reli kabla ya magari: ujenzi wa reli ya Usambara ulianzia hapa mwaka 1893. Baadaye ukasifika kwa baiskeli. Leo mwenye baiskeli anapita katikati ya barabara, maana pembeni pamejaa magari yaliyosimama tangu asubuhi.

Je, mwenye gari alipe ushuru wa maegesho? Wenye magari wanasema wameshalipa. Wana hoja, lakini tuitazame vizuri. Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, na badala yake ushuru wa petroli, dizeli na mafuta ya taa ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Mafuta ya taa! Yaani bibi wa Pangani mwenye kibatari, asiyepata kumiliki hata baiskeli, naye akachangia leseni ya gari la mtu wa mjini. Basi mwenye gari asidai kwamba analipa peke yake.

Mashine ya kwanza ya kulipia maegesho iliwekwa Oklahoma City, Marekani, Julai 1935. Aliyeibuni, Carl Magee, alikuwa mhariri wa gazeti, mwenzetu huyo. Wafanyakazi wa maofisini walikuwa wakiegesha kutwa, wateja wa maduka wakakosa pa kusimama. Senti tano kwa saa zikawaondoa. Shida ilikuwa nafasi.

Kwetu sisi ugomvi hasa ni fedha zinakokwenda. Mwaka 1972 yalitangazwa Madaraka Mikoani, na mabaraza ya miji yakavunjwa. Miji ikaoza: mashimo barabarani, mifereji ikaziba, kipindupindu kikazuka. Mwaka 1978 ikabidi mabaraza ya miji yarudishwe. Mwaka 2017 barabara za mitaa zikatolewa tena mikononi mwa halmashauri, zikapewa wakala mpya, TARURA, na ushuru wa maegesho ukazifuata huko.

Mimi nasema alipe, hasa yule anayeegesha kutwa mbele ya duka la mwenzake. Lakini shilingi iliyokusanywa Ngamiani ionekane Ngamiani: mtaro umezibuliwa, taa inawaka, baiskeli ina njia yake. Na hesabu ibandikwe ubaoni pale sokoni kila mwezi, mwenye baiskeli naye aisome.