Kufunga Virago na Kutandika Godoro

Lugha yetu humwagiza msafiri afunge virago, yaani akunje mikeka yake ya kulalia. Ndivyo walivyoondoka wanaume wa Buha, tangu Kibondo hata nyanda za Kasulu iliko Titye, wengi wakiandikishwa na SILABU, chombo cha wenye mashamba kilichoundwa mwaka 1944, kwenda kukata mkonge Tanga. Walipewa namba, wakaitwa manamba. Namba ile ilihesabu kazi. Mgongo ulioinama kutwa haikuuhesabu.

Sisi wa pwani tulikuwa na godoro la sufi: jipya ni laini, likizeeka hubonyea katikati, nasi tukalianika na kulijaza upya. Mwenye kuumwa kiuno aliambiwa alale pagumu. Lakini utafiti wa Uhispania uliotangazwa mwaka 2003, kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno, ulionyesha baada ya siku 90 kuwa godoro la ugumu wa kadiri liliwafaa kuliko lililo gumu.

Basi ewe mnunuzi, lilalie kwanza kwa ubavu: bega na nyonga zizame kidogo, uti wa mgongo ubaki umenyooka. Mgongo uliotulisha wastahili angalau hayo.