Aliyetumwa Kumaliza

Tarehe 20 Oktoba 1968 wakimbiaji 75 walianza mbio za marathoni katika Jiji la Mexico, mahali palipo mita zipatazo 2,240 juu ya usawa wa bahari. Waliomaliza ni 57. Wa mwisho wao alikuwa Mtanzania, John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyetumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimtangulia kwa zaidi ya saa nzima.

Akhwari alianguka njiani, akaumia goti na bega. Alifungwa bendeji, akaendelea akichechemea, akaingia uwanjani giza limekwisha kutanda. Alipoulizwa sababu, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma aanze mbio, bali azimalize.

Twamkumbuka kama mtu aliyeshindwa kwa heshima, na hapo twamdhulumu kidogo. Mwaka 1970, huko Edinburgh, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, alishika nafasi ya tano kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Hodari wa namna hiyo ndiye aonaye uchungu kufika wa mwisho.

Wala tusiwabeze walioacha. Abebe Bikila, bingwa wa 1960 na 1964, alijitoa siku hiyo hiyo kwa jeraha la mguu. Nani atamwita mwoga?

Sisi twasimama kwenye neno lile, kutumwa. Kilomita 42 mtu huzikimbia peke yake. Akhwari alizikimbia kwa niaba ya Muungano uliokuwa na umri wa miaka minne tu.